Dumu Jeupe la Mjomba Simeo

Kijiwe cha kahawa cha Manundu, mjini Korogwe, hakijawahi kushindwa na jambo. Benchi lenyewe mguu mmoja umeegemea tofali mwaka wa ngapi sijui, lakini wanaolikalia wameshatatua shida za dunia nzima isipokuwa hiyo ya mguu. Asubuhi hiyo Asnath, fundi cherehani wa mtaa, alifika pale na ufunguo mkononi na haraka zake. Nyumba ya marehemu mjomba wake Simeo, aliyeogesha ng'ombe wa watu huko Handeni miaka mingi, ilikuwa tupu tangu mazishi. Kesho anahamia mpangaji mwenye watoto wadogo. Na chumba cha nyuma bado kina dawa ya josho ya kuua kupe, betri zilizovuja na makopo ya rangi ya zamani.

— Injinia, nataka bajaji yako. Tuvipeleke kwa afisa mifugo, nimeshaongea naye, kasema vije vimefungwa.

Injinia ni Dennis. Jina alilipata kwa kufungua redio za watu asizoweza kuzifunga tena.

— Dada Asnath, safari yote hiyo ya nini? Weka tairi, washa moto. Moshi wake unaua mbu mpaka Segera!

— Na watu je?

— Watu wataingia ndani.

Mzee Mkonge, aliyekata mkonge shambani Ngombezi mpaka mgongo ukapinda, akatua kikombe.

— Kijana, huna akili. Mwaga chooni! Sisi kambini tulimwaga kila kitu chooni, na mende tulikuwa tunawasikia tu kwa wenzetu.

— Mzee wangu, upande wa chini wa choo kile kuna kisima. Mtaa mzima unachota pale.

— Basi mtoni. Samaki nao waogeshwe.

— Samaki ana kupe?

— Wewe ulishamkagua?

Kijiwe kikavunjika mbavu. Asnath hakucheka hata kidogo. Alimkumbuka mjomba alivyomfokea utotoni kwa kugusa tu kifuniko cha dawa ile, mjomba ambaye hakuwa mtu wa kufoka.

— Chekeni. Mimi sitoki hapa bila bajaji.

Kahawa ilikuwa imekwisha. Shukuru, mwenye birika, akavuta dumu jeupe kutoka chini ya meza, akajaza birika maji yake na kahawa, akapuliza mkaa. Birika lilipochemka akaanza kupanga vikombe.

Hapo ndipo alipopita Naisenya, mama wa Kimasai anayeuza maziwa mtaani.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mama.

— Shukuru, hilo dumu lenye picha ya ng'ombe umelitoa wapi?

Shukuru akaliangalia dumu lake.

— Nyuma ya nyumba ya marehemu, jana jioni. Lilikuwa tupu, mama! Nimelisuuza na sabuni.

— Kwetu dumu la josho likiisha dawa tunalitoboa hapohapo, asije mtu akalitilia maji.

Asnath akalisogelea dumu. Ni yeye aliyeyatoa nje madumu matupu jana, akaenda zake kushona. Aliyaona matupu, basi.

— Na ile niliyokunywa mimi? Mzee Mkonge aliuliza.

— Ile ya maji ya ndoo, mzee. Wallahi ya ndoo! Dumu nimelifungua sasa hivi.

— Mwaga hiyo, mwaga mtaroni! akapiga kelele Injinia.

— Mtaro unaenda wapi, Injinia? Asnath aliuliza.

Akaliepua birika kwa kanga, akaliacha lipoe kidogo, akarudisha kahawa yote ndani ya dumu na kukaza kifuniko kwa nguvu zake zote.

— Hili nalo linaenda kwa afisa. Pamoja na birika.

— Birika langu?

— Birika lako.

Shukuru akaliweka kando ya dumu. Lakini Naisenya alikuwa hajaondoka.

— Jana nikipita pale niliona madumu mawili. La pili kachukua nani?

Shukuru akatikisa kichwa. Injinia akamtazama Mzee Mkonge, na Mzee Mkonge, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu benchi lile liwekwe, akatazama tofali.

Kisha akainuka.

— Injinia, pakia vitu. Shukuru, wewe kamata upande wa kisimani. Mimi nitaanzia msikitini, watangaze.

Asnath hakungoja apangiwe. Alikuwa ameshafika mlango wa kwanza.

— Hodi! Hodi wenyewe! Mna dumu jeupe la picha ya ng'ombe? Msichemshe maji kwanza!