Msinioshee Kisimani

Niinueni kidogo. Somoe, weka mto hapo mgongoni, hivyo hivyo, basi. Tawakali, sogea mwanangu, acha kusimama mlangoni kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa. Na wewe Haruna, ndugu yangu tuliyenyonya ziwa moja, kaa kwenye kigoda, maana maneno ya leo mengi ni yako kuliko ya hawa watoto. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, nisikilizeni nikiwa bado na pumzi ya kusemea.

Ya mali ni mepesi. Nyumba hii na mikorosho ya Kikole itagawanywa kama dini ilivyoagiza, mimi sina la kuongeza wala kupunguza, maana aliyekwisha kugawa anajua kuliko mimi niliyeishia darasa la nne. Cherehani ni ya Somoe, nilimpa zamani nikiwa mzima, na Tawakali alikuwapo. Ule mpaka wa shamba tuliogombania na jirani zetu wa bondeni miaka na miaka, uacheni uende kwao. Niliushikilia kwa kiburi tu, Mungu anisamehe. Mikorosho yenyewe iliyopo pale imezeeka na haizai.

Zito ni kisima.

Mnajua, lakini nitasema ili asije mtu kudai hakusikia. Kile kisima kilichopo uani alikichimbisha mama yetu Sauda, akakiweka wakfu kwa mtaa mzima wa Chumvini, nawe Haruna akakuachia uangalizi. Visima vyote vya huku, kwa kuwa tumepakana na mashamba ya chumvi, maji yake ni ya magadi, ukipikia maharage hayaivi. Cha mama peke yake ndicho kilichotoa maji matamu. Watu walikuwa wakiteka huku wanamwombea. Mimi nami, kwa kuwa Mungu alinijalia kazi ya kuosha maiti wa kike, niliona uwanja ule ni baraka juu ya baraka, maana vyumba vya kupanga vya mtaa huu havina nafasi hata ya kugeuza kitanda, sembuse kumwosha marehemu kwa stara. Nikasema, leteni kwangu. Tukazungushia makuti, tukachimba ufuo, kile kishimo cha kupokea maji anayooshewa maiti, na tukauchimba karibu na kisima ili wanaoteka wasihangaike. Tukimaliza tunafukia vizuri, tunashindilia, asije mtu akayakanyaga maji ya marehemu. Tulifanya kwa heshima. Nataka mlijue hilo, kwamba hapakuwa na uchafu wa makusudi wala uvivu. Heshima yenyewe ndiyo iliyotupeleka pale.

Ikaja ile masika ya kipindupindu. Aliyetangulia ni Asumini, yule binti mpangaji wa nyuma, muuza samaki wa kukaanga. Alianza kuharisha asubuhi, jioni akawa amekauka kama dagaa, macho yameingia ndani. Wakasema tumbo tu, kala kitu. Hakuna aliyelitamka jina la ugonjwa, na alipokata roho tulimwosha hapo hapo, tukafukia, tukapika wali wa matanga kwa maji ya kisima, tukala, tukamsomea. Matanga hayajaanuliwa, wenzake wakaanza kuanguka. Somoe, wewe hukumbuki, ulikuwa hujitambui. Walikubeba kwenye toroli la chumvi la kaka yako mpaka kwenye mahema ya wagonjwa, wakakutundikia dripu huku na huku, mimi nimekaa nje ya kamba waliyozungushia nasoma kila dua niliyofundishwa na nyingine nimezitunga mwenyewe.

Ulipopona, ndipo swali likaniingia kichwani, na halijatoka mpaka leo. Mbona kwa Romana hakuugua mtu?

Tumepakana naye ukuta kwa ukuta. Watoto wake wengi kuliko wetu, choo chake kibovu kuliko chetu, na nyumbani kwake wanakunywa pombe yake ya komoni watu wa kila aina. Mtaani walikuwa wamekwisha kupata jibu lao, wakasema Mmakonde yule ana dawa, ameuleta ugonjwa na kujikinga nao. Walilipiga mawe paa lake. Mimi sikupiga, lakini niliyasikia mawe na nikaendelea kuchambua mchele.

Kisha nikaona haya, nikajifunga kanga, nikaenda. Nilimkuta anakoroga sufuria lake. "Shikamoo Bi Kidawa," akasema, hata hakuinua macho, "leo umepotea njia?"

"Marahaba. Sikupotea. Nimekuja kuuliza, Romana. Nyinyi mnakunywa nini?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Umekuja kuonja? Shehe wako atasemaje?"

"Sisemi pombe. Nasema maji."

Hapo akaacha kucheka. "Sisi maji yenu tutayapata wapi, bibi? Si kaka yako alitutupia ndoo nje, akasema inanuka komoni, isiguse kamba ya wakfu? Tunateka bomba la kule barabarani, lile mnaloliita maji ya dawa. Tena mengi nayachemsha, kazi yangu kuchemsha."

Haruna, usiiname. Sikusemi kukuaibisha, maana siku ile ya ndoo mimi nilikuwapo na sikufungua mdomo. Nasema ulione lile nililoliona mimi. Tuliwanyima maji ya sadaka, na kunyimwa huko ndiko kulikowaponya. Nilirudi nyumbani, nikakaa kitandani nikajiuliza, ewe Mola, umeficha nini humu?

Nikaanza kuchunguza kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Nikapita nyumba hadi nyumba, nasingizia kutoa pole, nauliza mlikuwa mnateka wapi. Wa kisimani wameugua. Wa bombani wazima, au kaugua yule aliyekuja kula wali wetu wa matanga. Bwana afya alipopita kutia dawa visimani nikamuuliza, mwanangu, ugonjwa huu unatembea? Akasema unatembea kwenye maji. Nikamwambia maji yetu yamo shimoni, yatembee yaende wapi? Akasema hata chini ya ardhi yanatembea, bibi, hapa chini ni matumbawe, yana mianya. Akaondoka kwenye pikipiki yake. Nami nikabaki nimesimama natazama chini. Umri wote nimekanyaga ardhi hii na sikuwahi kuwaza kama humo ndani kuna kitu kinachokwenda.

Sasa nitajuaje? Shimoni siwezi kuingia nikaangalia. Ndipo nikamwambia Tawakali aniletee kiroba cha chumvi ya mawe kutoka kazini. Nikaufukua ufuo wa Asumini mimi mwenyewe, nikaimimina yote, nikawa namwagia maji ya bomba ndoo baada ya ndoo. Haruna ukatoka msikitini ukanikuta. Unakumbuka ulivyosema? "Dada, unamuungia nani mchuzi huko chini?" Na mimi nikacheka, maana kweli nilikuwa kama kichaa. Nikakujibu, namuungia yeyote atakayekuja kulalamika.

Na aliyekuja kulalamika ni wewe. Ulikuja na kikombe mkononi, umekunja uso, "Somoe, nani kaharibu chai hii?" Mtoto akaapa hajatia kitu. Nikaenda kisimani na kata, nikaonja. Chumvi. Nikaonja tena, nikasema labda ni ulimi wangu mzee. Chumvi. Wanangu, sijui niwaambieje, nilihofu na nilifurahi kwa pamoja, kama mtu aliyegonga ukuta usiku na ukuta ukamwitikia. Maji ya ufuo yalikuwa yamefika kwenye kisima cha mama kwa njia yao, kimyakimya, na kama yalifika na chumvi yangu, basi yalifika na kila nilichomwosha Asumini.

Ukasema bahari imepanda. Nikamtuma Somoe akaonje kisima cha msikitini, kilicho karibu na pwani kuliko chetu. Akasema kile kile cha siku zote, magadi yale yale, hayakuzidi. Ulikwenda ukaleta bati, ukakifunika kisima na kuweka jiwe juu, na tangu hapo hatukulizungumza tena, wewe kwa kumlilia mama na mimi kwa kukuonea huruma.

Nipeni maji kidogo. La, ya bomba. Kidogo tu.

Sasa nifike panapouma. Nalala hapa, nyinyi mnadhani nimesinzia, na masikio yangu bado mazima. Nimekusikia Tawakali ukimwambia mjomba wako, "Msiba wa mama utakuwa mkubwa, watu watatoka Kilwa mpaka Kilangala, bomba lenyewe linakatika siku tatu mfululizo, tutapikia nini? Tukifungue kile." Na wewe Haruna ukajibu, "Tutakifungua. Na ataoshewa pale pale alipoosha wenzake, ndiyo heshima yake."

Hii ndiyo iliyonifanya niombe kuinuliwa. Mimi, niliyekaa nje ya kamba nikimlilia mwanangu, nife halafu matanga yangu yawe ndiyo yanayowaangusha watoto wa watu? Masika imekwisha kuingia, na nasikia kule Kivinje wameanza kupeleka watu kwenye mahema. Mnipikie wali wa sumu, watu wale wakiniombea pepo? Nitajibu nini nikiulizwa?

Kwa hiyo sikilizeni, na hili si ombi. Msinioshee kisimani. Nioshewe ndani ya chumba hiki, ufuo uchimbwe kule nyuma, mbali na kila kisima, na dawa ya bwana afya itiwe ndani yake. Watakaoniosha wasiguse chungu. Maji ya kuniosha na ya kupikia yakatekwe kwa Romana, ana tangi la mvua na ana bomba, nimekwisha kumwomba, na amekubali kabla sijamaliza sentensi. Akileta ndoo, Haruna, uipokee wewe kwa mikono yako miwili na umwambie ahsante.

Na kisima kifukiwe. Si kesho, si mkishanizika. Sasa hivi, nikiwa nasikia. Mkikiacha na bati, siku bomba limekatika mtakifungua, nawajua, hata mimi ningekifungua, utamu wa maji yale ninao kooni mpaka hivi sasa.

Najua, Haruna. Unasema tutaikata sadaka ya mama, thawabu yake itakauka kaburini. Nilimuuliza shehe, akanijibu mama alitoa maji ya kuhuisha watu, wala hakutoa shimo. Fungu langu la mikorosho ambalo dini imeniruhusu kuliusia, si kwa warithi, nimeliweka kwa ajili hiyo: bomba livutwe mpaka pale uani, mlango wa nyuma ubaki wazi, na asiulizwe mtu ndoo yake inanuka nini. Liitwe bado Maji ya Bi Sauda.

Somoe, wewe nakuachia swali. Nilimuuliza bwana afya, ugonjwa ule kati ya masika na masika unakaa wapi? Unalala? Unakula nini? Akasema ni hadithi ndefu, atanieleza siku nyingine. Siku hiyo mimi siioni. Mwendee wewe, mwanangu, ukae, akueleze hadithi yote, na uwaeleze wanao.

Nendeni sasa. Kifusi cha ukuta ulioanguka kipo pale pale. Haruna uanze wewe, ni cha mama yako, asianze mtu mwingine. Somoe baki, nishike mkono. Fungua dirisha.

Mbona kimya? Haruna anafanya nini? Amesimama? Mwacheni asimame... Mwacheni. Anaaga.

Hiyo. Umesikia sauti yake? Nilidhani italia kama jiwe kwenye ndoo, kumbe nene, kama mlango mkubwa. Tena. Na hiyo ya Tawakali, huyu anatupa kwa nguvu. Yanapanda maji, sivyo? Yanapanda kabla ya kwisha... Angalia, Somoe, uniambie rangi yake.

Mungu awaridhie. Mimi niko radhi nanyi, maziwa yangu nimewasamehe, na mliyonikosea nimeyasahau hata majina yake. Mpendane. Msigombee... msigombee kitu. Nawe Haruna, hunisikii huko, lakini niko radhi nawe zaidi ya... Somoe, mwambie. Mwambie nimesikia zote.

Wasiache. Bado naisikia chini... iko mbali. Waambie waendelee.