Magreda Yaliyohamia Kijiweni

Pale barabara ya Ruangwa inapoanza kuuacha mji wa Nachingwea, mbele ya banda la fundi redio, pana benchi refu la mbao, matairi mawili ya lori yaliyolazwa chini, na jiko la Bi Tunu muuza kahawa. Hapo hakuna kinachopita bila kujadiliwa, iwe ni bei ya ufuta au sababu ya mbuzi kupenda kulala katikati ya lami. Wenye benchi ni watatu. Yupo Hasani, fundi redio mwenyewe, ambaye watu humwita Waya. Yupo Mwalimu Methodius, aliyeletwa kutoka Bukoba kufundisha jiografia, akastaafu, akasahau kurudi. Huyo ni Ramani. Wa tatu ni Mudrik wa bodaboda, jina lake Spidi, na hajawahi kuonekana na haraka.

Asubuhi hiyo walikuwa wamembana katikati Habibu, mlinzi wa mitambo ya ujenzi wa barabara, kijana wa Ruponda. Rungu lake lilikuwa mapajani na kahawa yake ilikuwa imepoa. Usiku, wakati amekwenda kukagua kijiko, ule mtambo wa kuchimba, kule mbele, watu walikuja nyuma yake wakang'oa betri za greda, wakafyonza na dizeli yote. Msimamizi hakumfokea. Alimwambia tu, kwa sauti ya chini, kwamba kikipotea kitu kingine, hata nati, arudi kwao akalime mbaazi. Na mkewe, Rukaiya, alikuwa ndiyo kwanza ametoka uzazini.

— Pole sana, Waya alisema. Lakini wahenga walishasema, haba na haba hujaza kibaba. Leo betri, kesho taa, keshokutwa usukani. Mwisho watamaliza greda zima kwa viroba.

— Sasa nifanye nini, kaka?

— Umeme. Nipe spika moja ya harusini, niiunganishe na mfuniko wa betri. Mwizi akigusa tu, taarabu inalia hadi Ruangwa.

— Na mwizi akiwa anaipenda taarabu? Spidi aliuliza. Si atakaa acheze? Mimi nasema nyuki. Shemeji yangu pale Mtua anayo mizinga. Kila mtambo tunautundikia mmoja.

— Na dereva asubuhi anapandaje? Habibu aliuliza.

— Atazoea. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Ramani alikuwa akisubiri zamu yake huku amefumba macho, kama anavyofanya kila akiwa na jambo zito.

— Vijana, mnahangaika juu ya ardhi wakati jibu liko chini ya ardhi. Mtambo kazi yake si kuchimba? Basi jioni kijiko kichimbe shimo, greda liingie, lifukiwe. Asubuhi linafukuliwa. Mwizi atakuta uwanja mtupu.

Waya alitikisa kichwa taratibu, kwa wivu. Wazo lilikuwa kubwa kuliko la kwake.

— Samahani, mwalimu, sauti ya kike ilisema kutoka upande wa jiko. Na kijiko chenyewe kitafukiwa na nani?

Wote waligeuka. Alikuwa Gaudensia, aliyehamishwa juzi tu kutoka Songea kuja kuendesha greda hilohilo. Kofia yake ngumu ilikuwa kwapani na kikombe mkononi. Ramani alifumbua jicho moja, akalifumba tena.

— Na hapa kijiweni mnaondoka saa ngapi? aliuliza tena.

— Hawaondoki, dada, Bi Tunu alimjibu. Mimi huwa nawafagia. Waya analala humo bandani, na huyu mwalimu alfajiri namkuta ameshakaa.

Gaudensia alimaliza kahawa yake, akamwambia Habibu ainuke wafuatane kwa msimamizi. Habibu alimfuata shingo upande, maana huko hakutaka kuonekana tena. Dada yule aliongea kwa kifupi. Mlinzi ni mmoja, mitambo imetawanyika kama kuku. Akiwa kwenye huu, ule uko peke yake. Nyuma ya kijiwe pana uwanja. Jioni mitambo yote irudi pale, iegeshwe pua kwa pua, ndoo na visu vishushwe chini, mifuniko ya betri itazamane na ipigwe kufuli. Watu wa kuiangalia wapo tayari, na hawalali. Msimamizi alimtazama, akamtazama Habibu, akasema wajaribu.

Basi magreda, kama kijiwe kilivyoiita mitambo yote, yakahamia kijiweni. Bi Tunu alianika kanga yake kwenye ngazi ya shindilia, ule mtambo wa gurudumu la chuma. Ramani alipata kivuli cha jioni ambacho hakuwahi kuwa nacho. Habibu naye alianza kunywa kahawa ikiwa ya moto.

Jumamosi moja, jua likiwa bado juu ya mikorosho, pikipiki ilisimama kando ya benchi. Walishuka watu wawili, mrefu na mfupi, wamevaa vizibao vya kung'aa na kofia ngumu.

— Tumetumwa na bosi, yule mrefu alisema. Tunachukua betri za greda zikachajiwe karakana. Nani ana ufunguo?

Habibu alisimama. Ufunguo ulikuwa kwake, na vizibao vile vilimtia adabu. Alikuwa ameshautoa mfukoni.

— Zitachajiwa leo leo? Waya aliuliza.

— Kesho. Leo tutaziweka tu chini, sakafuni.

— Sakafu ya nini?

— Ya saruji.

Waya aliweka kikombe chini.

— Ndugu yangu, betri haikai juu ya saruji. Saruji inanyonya chaji yote.

— Hiyo imani ya zamani, Ramani alisema. Saruji ni jiwe. Jiwe linanyonyaje?

— Mbona miguu ikikaa kwenye saruji inapata baridi? Kinachotoka mguuni ni nini kama si chaji?

Yule mrefu alijaribu kusema kwamba wana haraka. Bi Tunu alimpa kahawa. Spidi alikwenda kukaa juu ya pikipiki yao ili asikie vizuri, akasema mwenda pole hajikwai, ndiyo maana betri inayotolewa polepole haimwagi maji. Yule mfupi, bila kujua, akajibu kwamba kwao Masasi aliwahi kuweka betri kwenye saruji na haikuisha. Hapo akawa ameingia kwenye ubishi.

Habibu naye alikuwa upande wa Waya. Alichora saruji mchangani kwa ncha ya ufunguo, akachora betri juu yake, na mshale. Hakuna aliyemwelewa. Mwisho alichoka, akampigia simu Gaudensia.

— Dada, njoo utuamulie jambo.

Alikuja kutoka chumba alichopanga jirani, mikono ina povu la sabuni, kanga kiunoni. Alisikiliza swali. Kisha akawatazama wale wawili.

— Hawa ni nani?

Habibu alimtazama Waya, Waya akamtazama Ramani. Yule mfupi alikuwa ameshaanza kukimbia. Mrefu aliirukia pikipiki, akamkuta Spidi juu yake.

— Subiri, Spidi alimwambia. Sijamaliza hoja.

Mrefu akaiacha pikipiki, akamfuata mwenzake mbio. Habibu alipuliza firimbi kwa pumzi yake yote. Wapakiaji wa ghala la ufuta walitoka, wakawazingira wawili hao kwenye shamba la mbaazi. Hakuna aliyewapiga, maana Bi Tunu alisimama mbele yao na ufagio hadi polisi walipofika. Kwenye chumba chao zilikutwa betri zilizoibwa mwanzo, na msimamizi mwenyewe akaja kumpa Habibu mkono.

Baadaye afande Alfred aliketi kwenye tairi, akapewa kikombe.

— Mmefanya kazi nzuri. Nani aliwashtukia wa kwanza?

Kila mtu aliangalia kahawa yake. Gaudensia aligeuka akatazama magreda, mabega yanamtikisika. Habibu alibana midomo, lakini kicheko kilimtoka puani, kisha kinywani, kikamshika hadi akaegemea tairi la greda na machozi yakamtoka. Hakuwa amecheka hivyo tangu mtoto azaliwe.

— Kusema kweli, afande, Ramani alianza huku akifumba macho, mimi nilishtuka tangu waliposhuka.

— Waliposhuka wapi? Waya aliuliza.

Bi Tunu akaongeza mkaa.