Kadi ya Watu Wawili

Ta!

Sauti moja tu katika usiku, kitu kigumu juu ya sakafu ya saruji, kisha kimya, kama kwamba aliyekiangusha ameizuia pumzi asikilize nani kaamka. Aliyeamka alikuwa Muslim, wa chumba cha chini, na kwa bahati mbaya Muslim ndiye anayeitwa Redio. Kufika alasiri, habari ilikwishatua kwenye baraza ya duka la Bakhit, nyuma ya soko la Matrah, mji wa pwani ya Waarabu, pahala ambapo wanaume watatu waliotoka Unguja mwaka wa sitini na nne walikuwa wakinywa kahawa kila siku, na huu ulikuwa mwaka wa sita. Bakhit mwenye duka walimwita Mizani, kwa sababu kila neno alilipima kabla ya kulitoa, na bado lilitoka limezidi. Wa tatu alikuwa Ghanim. Yeye alifagia kiwanja cha gofu cha Wazungu wa kampuni ya mafuta, upande wa Qurum, basi jina lake likawa Fagio. Dele la kahawa lilikuwa juu ya makaa, tende kwenye sahani. Baraza ilikuwa na kanuni moja tu: Unguja iliitwa "kule", na waliobaki kule hawakutajwa majina.

— Fagio, alisema Redio, jana usiku umeniangushia nini kichwani?

— Mpira.

— Mpira gani unaolia kama jiwe?

— Wa gofu. Umeniponyoka.

— Saa sita ya usiku, mtu mzima na ndevu zake, anacheza mpira peke yake! Mizani, umesikia? Huyu hana maradhi. Huyu anataka mke.

Ghanim alitamani kucheka, kicheko kikakataa. Alitia mkono mfukoni akatoa kadi nene yenye picha ya jumba la mawe, kubwa kama ngome, limezungukwa na majani mabichi mpaka upeo wa macho.

— Usingizi ulinikimbia kwa hii. Mwalimu, tafadhali wasomee.

Mwalimu alikuwa Yaarub, binamu yake Bakhit, aliyeshuka melini siku tatu nyuma akitokea Mombasa. Ghanim alikisema Kiingereza vizuri, maana tangu utoto aliwabebea Wazungu fimbo zao za gofu kule Mnazi Mmoja, lakini kukisoma alijikokota, na kukiandika hakufundishwa na mtu. Yaarub aliisoma kadi taratibu. Bwana Lowrie, aliyekuwa mkuu wa mabomba hapa mpaka mwaka jana, amerejea kwao Skotlandi. Jumba la mababu zake amelifanya pahala pa kufikia matajiri: gofu, kuwinda, kuvua samaki. Sasa anamwalika Ghanim wiki nzima, bila ya malipo, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha kupiga mpira juu ya mchanga. Yeye na mkewe. Ghanim aandike tu jina la mke na mahali alipo. Ruhusa, tiketi na barua za serikali atazishughulikia Bwana Lowrie mwenyewe, popote mke huyo alipo. Jibu liende na ndege ya kampuni kesho asubuhi.

— Popote alipo, alirudia Redio, kisha akainamia kikombe chake.

Mizani aliinua mkono.

— Hebu kwanza. Huo mchezo una mashimo mangapi?

— Kumi na manane.

— Kumi na manane! Na wenye kiwanja ni kampuni ya mafuta! Yakhe, nyinyi mnadhani wale wanacheza? Wale wanachimba. Kishimo hapa, kishimo pale, polepole, watu wasishtuke.

— Kwao Bwana Lowrie hakuna mafuta, Mizani, alisema Ghanim. Kuna majani tu.

— Ndiyo hayo majani. Ya kufunikia.

— Mie nna habari nyengine, alisema Redio, ambaye redio hakuwa nayo, ila alisikiliza ya Mhindi kupitia ukutani. Majumba kama hayo yana miaka mia nne. Kila bwana akifa, chumba chake hakiingiwi. Viatu vyake vinapigwa rangi kila asubuhi, vinawekwa mlangoni. Sasa wewe Fagio unaamka kwenda kutawadha, unakuta viatu havipo!

— Vimekwenda wapi? aliuliza Ghanim.

— Mwenyewe kavivaa!

— Wacha upuuzi, alisema Mizani. Mwalimu, kuhusu samaki wamesemaje?

— Wageni watavua mtoni, alisoma Yaarub. Samaki mdogo atarejeshwa majini.

— Arejeshwe? Mizani alishika kiuno. Ameshavuliwa, kisha arejeshwe? Akawaambie nini wenziwe?

— Na ndege wa kuwindwa wanafugwa kwanza, aliendelea Yaarub, wakishakua wanaachiwa, halafu watu wanawafukuza waende upande wa wageni wenye bunduki.

— Basi pale hakuna mgeni, alisema Redio. Pale kila kitu kimefugwa. Fagio, usende. Utalishwa wiki, siku ya saba utaambiwa ukimbie.

Wakacheka mpaka Redio akamwaga kahawa kwenye kanzu. Ghanim aliwatazama. Aliwapenda hawa watu wawili, na bado walikuwa mbali naye, kama watu wanaoonekana ng'ambo ya kiwanja wakati jua limepiga mchanga. Kazi yake ilikuwa hiyo: Mzungu akishapita, yeye anafuata na ufagio mpana, anafuta nyayo, anasawazisha mchanga uliomwagiwa mafuta mpaka ukawa mweusi na laini. Jioni kiwanja kinabaki kitupu, safi, kana kwamba hakijakanyagwa na mtu tangu kuumbwa kwa dunia. Halafu hurudi Matrah, kwenye chumba chenye kitanda kimoja, na chumba nacho ni hivyo hivyo.

Mizani alikohoa. Kikohozi cha mtu aliyekwishapima.

— Sikiliza, ndugu yangu. Maneno haya nimekaa nayo mwaka mzima. Dada yangu ni mjane, wewe uko peke yako. Chakula chake unakijua, kila Ijumaa anakuletea. Tutafunga nikaha Ijumaa hii hii. Mwalimu, andika: Nasriya.

Redio alikodoa macho. Si desturi mwanamme kulitoa jina la mwanamke wa nyumbani kwake barazani, na Mizani alilitoa kama anatoa kibaba cha mchele. Hata mwenyewe uso ulimwiva.

— Nimelitaja kwa heri, alisema. Ili mambo yaende.

— Neno la kheri hilo, Fagio, alisema Redio kwa sauti ya chini, na mara hii hakuwa na mzaha. Sote tunakusikia usiku unavyotembea humo ndani. Mwanamke mwema, yupo, yuko hai, mlango wa tatu kutoka hapa. Unataka nini tena?

Yupo. Yuko hai. Ghanim alilitafuna neno hilo. Wiki ile ya misukosuko mkewe alikuwa Pemba, amekwenda kumuuguza mama yake. Yeye akapandishwa chombo, akaambiwa wengine watafuata. Aliandika barua moja kwa mkono wa mtu, mwaka wa kwanza. Haikujibiwa, na ya pili hakuiandika. Watu walidhani amesahau. Hakusahau, aliogopa jibu. Asipouliza, mke yuko Pemba anakuna nazi, anamkemea mtu, anaishi. Akiuliza, huenda ikaja karatasi yenye mistari miwili, ameolewa, au amezikwa, na baada ya karatasi hiyo hatakuwa na pa kumwazia.

Yaarub alifunua kalamu. Alikuwa mgeni, kanuni ya baraza hakuna aliyemwambia.

— Mimi naandika mtakalonambia, alisema. Ila hapa imeandikwa "mkeo", na Bwana Lowrie anajua kuwa yuko mbali, ndiyo maana akasema popote alipo. Basi na niulize. Mkewe huyo wa kule, jina lake nani?

Redio alimtazama Mizani. Mizani aliitazama sahani ya tende. Miaka sita ya kahawa, kila siku ya Mungu. Walijua idadi ya meno yaliyong'oka kinywani mwa Ghanim, walijua ugonjwa gani wa kifua humshika wakati wa baridi, na hilo hawakulijua.

— Hatujui, alisema Redio. Wallahi, hatujui.

Mizani alimshika Ghanim bega.

— Nasriya hatovunjika moyo, alisema. Nitamwambia mie. Lakini pima, yakhe. Ukiandika, jibu litakuja.

— Najua litakuja.

— Hata liwe baya?

Kalamu ya Yaarub ilikuwa imesimama juu ya kadi, na wino ulikuwa umekusanya tone kwenye ncha. Sauti ya Ghanim ilitoka nyembamba, ya mtu asiyezoea kuitumia kwa kazi hiyo.

— Kheiria, alisema. Mke wangu anaitwa Kheiria.