Santuri Haimo Katika Mirathi

Sogeeni karibu, wanangu, maana pumzi niliyobakiwa nayo sitaimaliza kwa kuwapazia sauti watu walio mbali. Abeid, kaa chini na uache kutazama saa. Nimekuzaa mimi, ofisi yako itakungoja. Sada, nipandishie mto. Maalim Ally, ahsante kwa kuja na jua hili la adhuhuri, wewe na muadhini wako, maana nataka mashahidi wawili ambao mwanangu hawezi kuwaambia wamesikia vibaya. Na wewe Paskazia, toka huko jikoni, leo sikukuita uje kupika. Keti hapa kitandani kwangu.

Masikio ya mgonjwa hayalali, wanangu. Juzi mlikaa barazani mkidhani nimesinzia, nami nikamsikia Abeid akimwambia dada yake kwamba nikishafumba macho, hata kabla ya hitima, ile santuri ivunjwe na vipande vitupwe ziwani, ili sauti ya mama yenu isije ikachezwa mbele ya wanaume wasiomhusu. Sikulia. Nilikasirika mpaka homa ikanitoka, na ndiyo maana leo mnaniona nimeketi.

Basi sikilizeni mnataka kuvunja nini. Mwaka ule wa hamsini na tano chama cha kudai uhuru kilikuwa kimekatazwa huku Jimbo la Ziwa. Ukiomba kibali cha mkutano hupewi, lakini ukiomba kibali cha ngoma ya harusi unapewa siku hiyo hiyo, maana wakubwa waliamini kwamba wanawake wakikusanyika wanazungumza wali na waume zao. Tukaoza watu mwaka mzima. Wengine tuliwaoza mara mbili. Kikundi chetu cha ngoma ya lelemama kikawa ndio mkutano wenyewe, na baba yenu, Mungu amrehemu, alikaa langoni kwa hiari yake akihesabu wageni kwa tasbihi. Akaja Mzungu mmoja mwenye gari lililojaa mashine, anazunguka nchi kukusanya ngoma za wenyeji, akatuomba tumwimbie harusi. Tukamwimbia: *Bibi harusi ni wetu, mlinzi, enenda zako, ulipewa umtunze, hukupewa awe wako.* Mzungu akapiga makofi, akasema ni wimbo mtamu wa mapenzi, hakujua kwamba bibi harusi ni nchi na mlinzi ni Mwingereza. Miezi ikapita, santuri yake ikatufikia kwa posta, na kwenye karatasi yake wameandika ngoma ya wanawake wa Mwanza, basi, bila jina la mtu, kana kwamba tulikuwa upepo.

Santuri ile ikachezwa kwenye hoteli ya chai kule mjini. Watu walisimama wima, wakavua kofia, na chai ikapoa mezani. Wimbo wa harusi hausimamiwi hivyo, kwa hiyo mtu akaenda kusema, na asubuhi askari wakanijia hapa hapa, wakapindua magodoro, wakamwaga unga. Wakati ule Paskazia alikuwa ameniletea dagaa. Mnamwona huyu? Msukuma, Mkatoliki, si ndugu yangu kwa damu wala kwa dini. Alikuja kwangu kuuza dagaa akabaki kupiga ngoma, kwa sababu hapakuwa na mkono mwingine kama wake mji mzima. Mwezi ule alikuwa amezika mtoto wake wa mwisho. Akaichukua santuri, akaifunga mgongoni kwa kanga ile ile aliyombebea mwanawe, akatoka mbele yao akiimbia mgongo wake, lala, mama, lala, na askari mmoja akamwambia amfunike mtoto vizuri, jua kali. Nililia siku ile, na nikikumbuka ninalia hata leo.

Walimkamata baadaye, sokoni. Wakamwuliza, wakampiga, wakamfunga. Masika ikaja ikaisha yuko ndani, na neno lake lilikuwa moja tu, mimi nauza dagaa. Alipotoka jicho lake la kushoto lilikuwa limeharibika, lakini santuri aliirudisha kwangu haina hata mkwaruzo. Mnaona bendera inapepea pale bomani mnafikiri imeota yenyewe. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Na wewe Abeid, usiniinamishie kichwa, nitazame. Walipokuja watu wa redio siku za Uhuru kutafuta nyimbo za miaka ile, uliwaambia nini? Uliwaambia imevunjika. Ulisema uongo kwa jambo ambalo wenzako wangelipigia tarumbeta, kwa sababu umeoa kwenye nyumba ya watu wa elimu ya dini na unaona haya kusema kwamba mama yako alikuwa manju, mwimbishaji wa ngoma. Wakwe zako siwalaumu, wanasema wanayoyaamini. Ninakulaumu wewe. Ada yako ya shule ilitoka kooni mwangu, harusi kwa harusi, na ulipokuwa mdogo ulilala juu ya mapaja yangu ninaimba, hukuniambia ni haramu. Usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Na wewe Maalim, samahani, sikukuita unieleze habari ya sauti ya mwanamke. Hesabu hiyo ninakwenda kuitoa mwenyewe, kwa Mwenye kuhesabu, na sitapeleka wakili.

Nilichokuitia ni hiki. Nyumba hii, na kiwanja cha Igoma, na vyombo vyangu, sina la kusema juu yake, Mungu ameshawagawia, mwanamume na mwanamke, nendeni na sheria wala msigombane. Cherehani ya jirani yetu Mayala niliazima, irudishwe kwake kabla ya matanga kuanuliwa. Lakini sheria hiyo hiyo imeniachia theluthi, niitoe ninakotaka, isipokuwa kwa mrithi. Maalim, theluthi ni yangu au si yangu? Mmesikia, amesema ni yangu. Basi theluthi yangu ni ile santuri, na ninampa Paskazia. Yeye hanirithi kwa njia yoyote, kwa hiyo wosia unasimama. Na mkinuna kwamba imezidi theluthi, kaipimeni, maana ninyi wenyewe mlisema barazani ni takataka.

Najua mtasema damu nzito kuliko maji. Ni nzito, ndiyo, lakini akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na katika dhiki yangu damu yangu ilikuwa jikoni inakula dagaa wa huyu mama.

Paskazia, mwenzangu, watu wa redio watarudi, nimewatumia salamu kwamba santuri ni nzima. Wakitaka kuinakili, wape, lakini wainakili yote, na kwanza waandike majina yetu, la kwako na la kwangu na ya wale waliotangulia. Yule kijana wao aliwahi kusema nyimbo za zamani ziimbwe upya na kwaya, kwa sababu sisi matamshi yetu ni ya bara, na mwishoni mwa santuri ile kuna sauti yako unapaza, "Uhulu". Mwambie iachwe kama ilivyo. Uhuru haukuletwa na matamshi.

Sada... maji kidogo. Ahsante, mama.

Mnasema mnataka nipumzike. Nani aliwaambia nimechoka? Mwili ndio umechoka, nao mtauzika leo au kesho, mkaufunike vizuri, sitabisha. Sanda yangu iko juu ya kabati. Msiniwekee ngoma matangani, mambo ya msiba yaende kwa utaratibu wake, nisomeeni Kurani kwa utulivu. Lakini mimi niliyeimba, huyo msimzike.

Abeid, njoo, leta kichwa chako hapa. Nimesema kwa ukali kwa sababu muda umenibana. Radhi yangu unayo, mwanangu, na dada yako anayo, sijafunga mkono. Mungu awape watoto wenye sauti kubwa. Awape riziki isiyowafanya muone haya... awape... Amina, Maalim, itikia.

Sasa, santuri imo mvunguni, ndani ya mto. Paskazia aichukue leo, mimi nikiona, asingoje nife. Gramafoni ni yenu, lakini leo, Abeid, utaibeba mpaka kwake hapo chini penye majabali, na umshike mkono, kwa maana jicho lake... unajua jicho lake. Iwekeni uani, nje, watu wapitao wasikie. Wewe uzungushe mpini mwenyewe.

Nendeni. Sada, wewe baki. Nifungulie dirisha.