Stefania Kuryluk na Ziwa Jekundu

Padri Ihor, shemeji yangu Dale, mpwa wangu Halyna, majirani wa Mundare, wafanyakazi wenza wa marehemu kutoka Edmonton, na ninyi mliosafiri kutoka Winnipeg na Oregon, ambao hamkuwahi kumwona uso kwa uso bali mlitembea miaka yote hii katika nchi ya mchezo wa kompyuta aliyoitengeneza, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, na kabla sijaanza nakiri jambo moja, kwamba marehemu alinipa safari niimalize akiwa bado hai, na sikuimaliza, kwa hiyo sauti ikinikatika tutakapofika hapo mnivumilie.

Marehemu Stefania Maria, ambaye sote tulimwita Stefka, alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Februari 1970 katika hospitali ya Vegreville, hapa Alberta, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Petro na marehemu Anna Kuryluk, wakulima wa ngano, na siku hiyo theluji ilikuwa imefunga barabara, ikabidi baba ampeleke mama hospitali kwa trekta, habari ambayo Stefka aliitaja kila alipotaka kutushinda katika ubishi. Mimi, Myron, nilifuata miaka mitatu baadaye, barabara ikiwa wazi kabisa, sina hadithi yoyote.

Marehemu alianza shule ya msingi hapa Mundare Septemba 1976, na akamaliza sekondari Vegreville Juni 1988, lakini shule yake hasa ilikuwa chumba cha chini ya nyumba yetu, kando ya mapipa ya kabichi, ambako Krismasi yetu sisi wenye asili ya Ukraine, tarehe 7 Januari 1984, mjomba Wasyl alituletea kompyuta kuukuu yenye mchezo mmoja tu, wa aina ile ambayo mchezaji anavaa nafsi ya msafiri na kuzunguka nchi ngeni akipigana na kutafuta hazina. Tuliifunga kwenye televisheni ya zamani, na tangu siku hiyo mama alikuwa akituita kula mara tatu ndipo tupande juu.

Vijana wa leo mna ramani kwenye kona ya kioo, inawaonyesha hadi mlango wa kuingia, sisi hatukuwa na kitu hicho, mti ulikuwa alama ya kijani, mto alama ya buluu, mlima pembe tatu nyeupe, na mwenye kutaka ramani aliichora mwenyewe. Kwa hiyo Stefka alishika kibodi, nami nikashika penseli na daftari la hesabu lenye visanduku, hatua moja kisanduku kimoja, bila kukisia, maana ukikosea hesabu ya hatua kumi unajikuta umechora mto unaopita juu ya paa la kanisa. Wengine walicheza ili waue mazimwi, dada yangu alikuwa akiwakimbia mazimwi ili aone kuna nini nyuma ya kilima, akifika anaondoa mikono kwenye kibodi na kutazama zile alama chache za rangi utadhani yuko dirishani.

Jumamosi tarehe 21 Januari 1984, tukiwa tumebakiza kona moja tu ya ramani, niliteremka na bakuli la borshi, jambo lililokatazwa, nikajikwaa kwenye waya, na ile supu nyekundu ya bitiruti ikamwagika juu ya daftari, ikaacha doa kubwa lenye umbo la buti, kisigino kimepinda, na matone matatu pembeni. Stefka alipiga kelele hadi baba akateremka na koleo akidhani ni nyoka, nami kwa kuogopa kofi nikasema, "Hilo si doa, ni ziwa!" Akaniuliza, "Ziwa jekundu? Umeliona wapi wewe ziwa jekundu?" Nikamjibu kwamba mimi ndiye mpimaji, na mpimaji akiandika jekundu ni jekundu. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akaandika kwa mkono wake pembeni mwa lile doa, Ziwa Jekundu, halijafikiwa.

Mwaka 1988 marehemu alijiunga na chuo cha sanaa Calgary, akahitimu Mei 1992, akafanya kazi miaka mitano ya kuchora ramani za barabara za mkoa, kazi aliyosema ilimfundisha kuheshimu mitaro, na tarehe 3 Machi 1997 akaajiriwa na kampuni changa ya michezo ya kompyuta huko Edmonton, watu kumi na mmoja juu ya duka la mikate, yeye akipewa ardhi, yaani vilima, misitu, mito na mawingu. Wenzake wananiambia hakuna mti alioupanda kabla ya kuuliza upepo wa pale unatoka wapi, na hakuna bonde lililotoka kwa wachezaji kabla hajalitembea lote kwa miguu, mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wa mtu aliyechoka.

Tarehe 12 Septemba 1998 marehemu alifunga ndoa takatifu na Bwana Dale Odegaard wa Camrose, katika kanisa hili hili, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Halyna, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2001.

Sasa nafika mahali ambapo familia ilitaka nipite haraka, nami nimekataa. Baba alifariki mwaka 1999, mama akamfuata 2002, nyumba ikabaki tupu, na Oktoba 2003, bila kumwambia dada yangu, niliibomoa, nikang'oa na miti yote mirefu ya mipopla aliyoipanda baba kukinga upepo, ili nipate kuzungusha mashine za kuvunia. Stefka alikuja kwa chakula cha sikukuu ya Shukrani, mwezi huo huo, akiwa na Halyna mgongoni, akasimama mahali palipokuwa na mlango wa jikoni, akakuta shamba lililolimwa. Nilimwambia nyumba ilikuwa imeoza, wenye nyumba ni panya. Akaniuliza, "Na mipopla nayo ilioza, Myron?" Tangu hapo hatukuzungumza kwa miaka mitatu.

Katika miaka hiyo mitatu alitengeneza nchi mnayoijua, iliyofunguliwa kwa wachezaji tarehe 9 Novemba 2006, yenye nyanda za nafaka kusini, msitu wa miti yenye maganda meupe, kinamasi cha vyura wenye taa, mlima mmoja wa theluji, na nyuma ya mlima Ziwa Jekundu, ambako hakuna adui wala hazina, na bado watu wamekwenda miaka kumi na saba kukaa tu ufukweni, wengine wamechumbiana hapo, na naona wawili wameketi safu ya tatu. Bwana Lorne Makokis, aliyeandika hadithi za mchezo ule, anasema alimsihi abadilishe rangi ya yale maji, na aondoe visiwa vitatu vilivyokuwa vikikwamisha mashua, naye akamjibu, "Mpimaji wetu ndiye aliyeandika hivyo, mimi ni nani?" Bwana Makokis alidhani ni mzaha wa ofisini.

Wiki ile ya kwanza dada yangu alinipigia simu, akasema, "Nenda ukatembee kule nyuma ya mlima, kuna kitu chako," nami nikamjibu kwamba nina ardhi ya kweli ya kutembea. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliamini amejenga upya nyumba ya baba na mipopla yake yote, ili nikifika nione nilichokifanya, na kwa hofu hiyo nilikaa miaka kumi na saba bila kuitazama kazi ya mikono yake hata mara moja, nikibadilisha mazungumzo kila alipoitaja, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Marehemu alianza kuugua Agosti 2023, vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho, na tarehe 11 Novemba, mavuno yakiwa ghalani, alinishika mkono akaomba jambo moja, niende ziwani kabla hajaondoka, kwa miguu, bila ile njia ya mkato ya kugusa ramani ukatokea uendako, ambayo yeye aliiita wizi, na nichore njia kwenye karatasi ya visanduku kama zamani. Halyna alinifungia kompyuta jikoni, na tangu hapo kila asubuhi nilimpigia simu kutoa taarifa.

"Umefika wapi?" "Nimeuawa na mbwa mwitu." "Tena? Myron, wale niliwaweka kwa ajili ya watoto wa miaka kumi!" "Basi watoto wako wana mikono minne." Alicheka hadi muuguzi akaja kumtazama, na Dale anasema zile simu ndizo zilizomfanya aombe uji.

Nilitembea majira ya baridi yote. Katika nyanda za nafaka nilisikia upepo ule ule wa shamba letu, kwenye msitu nilikaa nikasahau chai ikapoa, nikamwambia, na yeye akasema, "Umeona, sasa?" Mwisho wa Machi nilikuwa mlimani, nguvu za Stefka zimekwisha, na Halyna akaniambia kwa machozi, "Mjomba, gusa tu ramani, ufike, umwambie umeona, atajuaje?" Nilikiweka kidole pale. Nilikiweka, ndugu zangu, kisha nikakiondoa, kwa sababu nilishawahi kufanya jambo moja nyuma ya mgongo wa dada yangu na sikuweza la pili. Jumatano tarehe 3 Aprili aliuliza kwa sauti ndogo kama nimefika, nikasema bado, niko kwenye theluji, akasema, "Usikimbie, utakosea hesabu," na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Stefka alifariki Ijumaa tarehe 5 Aprili 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, hospitalini Edmonton, mumewe na binti yake wakiwa wamemshika mikono.

Juzi Jumatatu nilimaliza safari. Nilivuka mlima, nikatafuta nyumba ya baba, hakuna nyumba, nikatafuta mipopla, hakuna hata mmoja, ni maji mekundu tu na kimya, na ninyi wachezaji zaidi ya elfu moja mmesimama ufukweni na taa zenu kwa ajili yake. Sikuelewa. Nikalizunguka ziwa kwa miguu nikihesabu, hatua moja kisanduku kimoja, na mstari ulipokutana na mwanzo wake nikaona nimechora buti, kisigino kimepinda, na visiwa vitatu pembeni. Nililia jikoni kwangu kama mtoto. Dale alipoambiwa alikwenda kwenye meza ya marehemu, akaleta ile karatasi ya daftari letu, ambayo Stefka aliiokoa nyumbani mwaka mama alipofariki, doa limegeuka kahawia, nikaiweka juu ya ile niliyoichora mimi, dirishani, na zikalingana. Miaka yote nilidhani ananisubiri kwa lawama, kumbe alikuwa amenitunzia uongo wangu wa utotoni na kuufanya kweli.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja na mdogo mmoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, Padri Ihor, Bi Olena Bohaychuk na akina mama wa parokia kwa chakula kisichokwisha mezani, wafanyakazi wenzake walioleta kompyuta hadi wodini ili aone machweo aliyoyatengeneza mwenyewe, na ninyi mlioliwashia ziwa taa.

Ramani ya zamani tumemwekea mkononi, na pale alipoandika halijafikiwa, asubuhi ya leo nimefuta neno hilo na kuandika tarehe ya juzi.

Nimefika, Stefka. Sikukimbia. Pumzika kwa amani.