Nani Ameiambia Damu Isimame

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi, Daktari mkuu wa hospitali, masheikh na wachungaji wetu, wazee wa mitaa, Ndugu wageni waalikwa, na nyinyi kina mama mliokaa huko nyuma ilhali shughuli hii ni yenu: assalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo nyote. Walionizidi umri, shikamooni.

Nimeambiwa niseme maneno machache kabla utepe haujakatwa. Wengi mnanijua. Mimi ni Alfani, mwenye bucha pale Ukunda, na najua humu ndani wamo wanaoinung'unikia mizani yangu. Leo sikuja na mizani. Nimekuja kwa sababu Daktari Twaiba, ambaye maabara hii ya utafiti wa damu tunaifungua kwa ajili yake, ni mtoto wa dada yangu, marehemu Warda, Mwenyezi Mungu amrehemu. Na sisi wajomba ndio tunaojua wataalamu walikuwaje walipokuwa na makamasi.

Huyu alikuwa msumbufu. Simsifu, namshtaki. Mjusi akikatika mkia, mbona hafi kwa kutoka damu? Jeraha likipona, ile ngozi mpya inapata wapi mishipa? Ukimwambia nenda ukacheze, anakwenda, anazunguka nyumba, anarudi na swali lile lile kwa mlango wa nyuma.

Basi sikukuu moja ya kuchinja, nyumbani kwetu Bongwe, nilichinja mbuzi, nikaikinga damu kwa karai bovu ili nikaizike mbwa wasije. Nikaendelea na kuchuna. Kugeuka, namwona Twaiba amechutama mbele ya karai, ameshika kijiti, anaigusa damu. Ilikuwa imeshashikana kama uji uliopoa. Akaniuliza, "Mjomba, damu hii ilikuwa ikienda mbio shingoni. Ilipofika hapa ikasimama. Nani ameiambia isimame?"

Nikacheka. Ni nani asingecheka? Miaka yote ya kisu sikuwahi kujiuliza. Lakini yeye hakucheka. Akaniuliza tena, polepole, "Na ya mama, mbona haikuambiwa?"

Ndugu zangu, dada yangu Warda alikuwa amefariki kabla ya mfungo wa mwaka ule, kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua. Mtoto alipona, ndiye Feisal yule, aliyenifungia kipaza sauti hiki. Mama yake aliomba maji, akaomba tumfunike, na gari lilipofika barabarani hapakuwa tena na mgonjwa wa kupakia. Nimelia kwa ajili ya dada yangu mara nyingi, lakini siku ile mbele ya karai sikuweza hata kulia. Nilimjibu mtoto, "Sijui."

Neno hilo Twaiba alilichukua akaenda nalo shule, akaenda nalo chuo kikuu, akavuka nalo bahari, akarudi nalo hapa Msambweni. Nimemuomba anieleze kazi yake kwa lugha ya bucha, naye akanieleza. Mimba inapoingia, mwili unaota mishipa mipya ya damu, unaijenga ndani ya kondo la nyuma, njia juu ya njia, hadi mtoto apate chakula chake. Siku ya kujifungua, kondo linabanduka, na pale lilipokuwa limeshika panabaki midomo iliyo wazi. Kizazi kinapaswa kujibana, na damu inapaswa kuganda hapo hapo. Ikichelewa, mama anakwenda. Na ikiganda pasipotakiwa, mguuni mathalani, donge linaweza kupanda hadi mapafuni, na mama anakwenda vilevile. Damu ile ile, kuganda kule kule. Kwa huyu ni uhai na kwa yule ni mauti. Je, hamtaki kujua kwa nini?

Twaiba alitaka. Lakini ili ajue alihitaji vipande vya makondo, na hapo ndipo mashine zilipokaa na mafriji yakapoa bure. Hakuna mama aliyekubali. Vijana wa bodaboda pale Ukunda walishamaliza utafiti wao: eti makondo yanapelekwa Diani kutengenezewa mafuta ya kujipaka watalii. Twaiba akadhani watu wanaogopa sayansi. Akaita mikutano, akaleta picha, akaeleza hadi sauti ikamkauka. Waliompa fedha za utafiti wakamwambia, mambo yakiendelea hivi, tutafunga.

Jioni moja alikuja kwangu amechoka. Mkaza mwanangu Mapenzi, ambaye kwao ni Samburu ya Kinango, alikuwa na mimba kubwa, amekaa anachambua mchicha. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Wifi, ukishalikata hilo kondo, kinachobaki kinakwenda wapi?"

"Tunakichoma, kama taratibu za hospitali."

"Kwetu kondo linazikwa nyumbani kwa mtoto. Lisipozikwa, mtoto ana kwao wapi?"

Nikamwona Twaiba amefumba macho. Huyu ni mtoto wa hapa hapa, la kwake mwenyewe limezikwa nyuma ya jiko letu Bongwe, na alilisahau. Akasema, "Mimi nahitaji kipande kama kokwa ya ukwaju. Nikikurudishia lililobaki siku hiyo hiyo?"

Mapenzi akasema, "Sasa tunazungumza."

Alijifungua salama, alhamdulillahi, mtoto wa kike. Kabla ya alasiri Twaiba aliingia uani kwangu na ndoo safi yenye kifuniko, ameibeba mwenyewe. Mimi nililitazama kondo lile kwa jicho la bucha, na nyinyi mnaonung'unikia mizani mnajua kwamba jicho hili linaona hata robo ikipungua. Palipungua padogo, kama alivyosema. Mwanangu akachimba, tukalizika. Kina mama wengine waliposikia wakaanza kuja, na ndiyo maana leo tunafungua badala ya kufunga.

Kina mama, siwaambii mkubali. Nawaambia muulize kama alivyouliza Mapenzi, na mkijibiwa, mtazame kama jibu linarudi nyumbani kabla jua halijatua.

Juzi Twaiba aliniita ndani ya chumba hiki nitazame kipande cha kondo la mjukuu wangu kwa darubini. Niliona vijishipa vyembamba, vimetawanyika na kukutana, na nilisimama pale mpaka kiuno kikaniuma. Nikamuuliza, "Mwanangu, hapa ndipo palipoharibika kwa mama yako?"

Akasema, "Sijui, mjomba."

Lilikuwa jibu langu mwenyewe, limenirudia baada ya miaka yote ile. Ila mimi niliposema sijui, nilirudi kwenye ngozi ya mbuzi wangu. Yeye aliposema sijui, alirudisha jicho kwenye darubini, na mimi nikatoka kwa kunyata nisimkatize.

Mheshimiwa, mkasi ni wako. Nanyi nyote, ahsanteni kwa kumsikiliza mchinjaji. Wabillahi tawfiq.