Asiyekosa Hasamehewi

Sogeeni, wanangu, sauti yangu leo haifiki mbali. Na wewe kifungua mimba zima hiyo simu, kufa kwangu hakuhitaji picha.

Nyumba kaeni wote, wala asijenge mtu ukuta katikati. Chumba cha kufulia, na mabeseni na pasi zake, namwachia mkwe wangu, mjane wa ndugu yenu. Naona midomo imeanza kurefuka. Irudisheni.

Yale mashuka ya nyumba ya wageni yalipotoka na madoa mekundu, mteja akahamisha kazi yake yote, mlisema shemeji yenu kasahau kitambaa cha rangi ndani ya nguo nyeupe. Alikana mpaka sauti ikamkauka. Mkamtoa kwenye mabeseni mkampa ufagio, na majirani wakapata la kutafuna. Juzi mmeteremsha tangi la maji, mkaona wenyewe lilivyooza kwa kutu chini, kumbe madoa yalitoka humo. Basi mabingwa nyie mkaenda kumwambia nini? "Shemeji, yaliyopita si ndwele, tumekusamehe." Akajibu asanteni, akaendelea kufagia. Nililala hapa hapa nikisikia, na ile asante ilinichoma kuliko huu ugonjwa.

Shule niliichungulia dirishani tu, lakini neno hilo nalijua. Anayesamehewa ni aliyekosa. Ukimsamehe asiyekosa umemtia hatiani mara ya pili, tena safari hii unatabasamu. Mkubwa, nikitangaza kwamba nimekusamehe wizi ambao hukuufanya, utaniitikia asante? Mkuki kwa nguruwe. Wala msiniambie mtamsafisha jina. Nimefua maisha yangu yote, na nguo isiyochafuka sijawahi kuitia sabuni. Mwambieni hivi: hukukosa, tuliokosa ni sisi. Na mseme pale pale mlipomsutia, uani, majirani wakisikia, maana lawama iliyopigiwa kelele haifutwi kwa kunong'ona. Kisha mpeni ufunguo wa chumba cha kufulia mkononi, msimwekee mezani kama mnamtupia.

Kitinda mimba, usilie, unanimalizia hewa. Nipe maji... basi, yatosha.

Mkubwa ndiye aliyeanza kumnyooshea kidole, yeye ndiye aanze kusema. Mungu awape riziki, awape usingizi, na watoto wasiwafanyie... mlivyomfanyia mwenzenu. Nimechoka. Fungueni dirisha, nataka kusikia. Radhi yangu mtaikuta hapa mkirudi.

Ila... msikawie.